Domo Nyuma ya Vumbi

“Tangazo! Tangazo! Wananchi wa Kurui na vitongoji vyake vyote, wenye masikio na wenye kuazima! Mnatangaziwa kwa heshima na taadhima kwamba binti yenu Firdausi Mwinyimadi, mzaliwa wa hapa, aliyeumwa na mbu wa hapa, ameliona Domo! Domo lenyewe liko mbinguni, nyuma ya vumbi, na linakula nyota kama ninyi mnavyokula karanga! Jumapili, baada ya sala ya adhuhuri, uwanja wa shule, kutakuwa na dua na pilau! Atakayekosa asije akasema hakuambiwa!”

Sauti ilikuwa ya Husseini, mwenyekiti wa kitongoji cha Mkongeni. Alikuwa amefunga spika nyuma ya pikipiki na kuzunguka nayo taratibu, kwa mwendo wa jeneza. Mwenyekiti huyu hakuwahi kutangaza mkutano wa mapato na matumizi kwa sauti kubwa namna ile. Mikutano hiyo huwa anainong'ona. Lakini Domo lilikuwa jambo jingine. Domo halina mkaguzi.

Kuna mtu alirekodi, akairusha kwenye kundi la ukoo, na mchana wa Alhamisi tangazo likaingia Misugusugu, Kibaha, katika chumba cha kupanga ambamo Firdausi mwenyewe alikuwa amekaa kitandani na kompyuta mapajani, akilitazama Domo hilo hilo likifa. Na kusema lilikuwa linakufa ni kulipa heshima tu. Halikuwahi kuwa hai.

Akaisikiliza sauti ya mwenyekiti mpaka mwisho. Akairudia. Halafu akaizima simu, akaifunika kwa mto, kana kwamba mto ungesaidia kitu.

Firdausi alikuwa mtoto wa mwisho wa Mzee Mwinyimadi, mchoma mkaa. Mama yake alikufa angali mdogo, akabaki na baba, kaka yake Badru, na matanuri. Mtu aliyekulia kwenye tanuri la mkaa hahitaji kuelezwa moshi ni nini. Unapanga magogo, unafunika majani, unafukia kwa udongo, unaacha vitundu vya kupumulia, kisha unakaa hapo ukiulinda moto usioonekana. Shati lake la shule lilikuwa jeupe siku ya kununuliwa tu. Darasani walimwita Sufuria. Siku moja alirudi nyumbani analia, na Mzee Mwinyimadi, uso mweusi na macho mekundu, alimkalisha juu ya gunia akamwambia, “Soma. Mimi nimeshaungua vya kututosha sote. Soma uende mbali na masizi haya.”

Mzee alikusudia Kisarawe mjini, au ikizidi sana, Dar es Salaam. Mtoto akapitiliza.

Akapita sekondari, akapita chuo kikuu, akafika mahali ambapo hata mwalimu wake wa zamani wa fizikia alikuwa akimuuliza kazi yake ni nini halafu anabadilisha mazungumzo kabla ya jibu kuisha. Asubuhi alifundisha katika sekondari moja ya binafsi pale Kibaha. Alasiri alisomea uzamivu kwa njia ya mtandao, chini ya profesa mmoja wa Kiholanzi, mama mpole mwenye paka aliyekuwa akipita mbele ya kamera kila walipofikia jambo la maana.

Kazi yenyewe, ukiivua majoho yake, ni hii. Huko mbali kuna makundi ya nyota, galaksi, ambayo katikati yake panawaka kupita kiasi, lakini vumbi limeyazingira gubigubi. Mwanga wa kawaida haupenyi vumbi hilo. Joto linapenya. Basi kuna darubini iliyorushwa angani, inalikusanya joto lile, chombo chake kinalichambua kama mtu anayepepeta mchele, na mwisho wa yote unapata mchirizi wenye vilima na mabonde. Kutokana na mchirizi huo unatakiwa ujibu swali moja: ni nani aliyewasha moto mle ndani?

Watuhumiwa ni wawili. Wa kwanza ni shimo jeusi, yaani Domo lenyewe, linalomeza gesi mpaka gesi yenyewe inawaka kwa mateso. Hilo huacha ushahidi wake, kilima chembamba cha neoni iliyoteswa hadi ikavuliwa elektroni nne, jambo ambalo nyota changa hazina ubavu wa kulifanya. Mtuhumiwa wa pili ni hizo nyota changa zenyewe, zinazozaliwa kwa mkupuo ndani ya vumbi. Nazo zina ushahidi wao: vilima vinene, vimelala kama ng'ombe. Hivyo ni vya masizi. Masizi haswa, ndugu wa yale ya chini ya chungu, yanang'aa kwa sababu nyota zimezaliwa jirani na kuyapasha moto.

Habari ya masizi hakuwahi kumwambia baba yake. Angeanzia wapi?

Watu wa Misugusugu nao walikuwa na tafsiri yao. Mama Efrazia, mwenye nyumba, mwanamke wa Bukoba aliyekaanga chipsi kando ya barabara ya Morogoro, alikuwa na hakika kwamba mpangaji wake anasafisha nyota za watu.

“Mwalimu, wewe unakaa na nyota humo ndani, ya kwangu umeikalia,” alimwambia. “Yule wa kibanda cha pili amefungua juzi tu, foleni mpaka lami. Mimi nafukuza nzi.”

“Mama, mimi sisafishi nyota. Mimi nasoma joto.”

“Basi nisomee joto. Si ndiyo homa hiyo?”

“Joto la mbali, mama.”

“Kila kitu chako cha mbali. Kodi tu ndiyo ya karibu, na hiyo nayo inachelewa.”

Kurui ilikuwa mbaya zaidi, maana kule aliyeulizwa ni baba. Barazani walimkalia: “Mwinyimadi, binti yako hajafungua kilinge tu? Mwambie aniangalizie mbuzi wangu aliyepotea.” Mzee alimeza maneno hayo miaka na miaka. Jibu lake lilikuwa moja, na alilitoa huku amenyoosha kidole: “Mganga gani huyo ambaye kila ukimuuliza anakwambia bado? Mwanangu hasemi asichokiona.”

Na ni kweli. Kila Firdausi alipokwenda Kurui, mzee alimuuliza swali lile lile kabla hata maji ya kunywa hayajaletwa: “Umeona nini huko?” Naye akajibu, “Bado, baba.” Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika, kama mtu aliyeletewa zawadi. Alizikusanya bado hizo akawa anazitembeza barazani, tajiri wa kitu kisichokuwepo.

Halafu kifua kikamwangusha.

Moshi ni mkopeshaji mvumilivu. Ulimwacha mzee achome mkaa mpaka nywele zikawa nyeupe, ndipo ukaja kudai. Badru alipiga simu kutoka hospitalini: “Dada, njoo. Mzee anaaga.” Wiki hiyo hiyo, na hapa ndipo balaa lilipopanda gari, Firdausi alikuwa ameanza kupakua data za galaksi yake. Darubini ilikuwa imeitazama mara nne, kila mara ikisogezwa kidogo. Kuna sababu ya kufanya hivyo. Angani kuna chembe zinazopita hovyo bila dereva, na moja ikigonga kipokezi inaacha doa linalofanana na ugunduzi. Ukiwa na picha nne unazilinganisha, na doa linajulikana kwa sababu limetokea mara moja tu.

Angeweza kuchukua mchirizi uliokwisha kupikwa na wenye darubini, ulio mwepesi. Lakini alifundishwa asile chakula asichokijua kilivyopikwa, kwa hiyo akachukua data mbichi, na data mbichi ni nzito kama maiti. Ya kwanza ilishuka. Ya pili ikafika nusu, bando likakata, na umeme nao, kwa mshikamano, ukaondoka. Huko Uholanzi kosa kama hilo hata hawalijui. Kule mtu anapakua zote nne akiwa anachemsha chai. Firdausi aliichambua ile moja kwa chaji iliyobaki kwenye kompyuta, na kwenye mchirizi, mahali pale pale pa neoni, kilima chembamba kilisimama wima kama mnara wa msikiti.

Akasafiri nacho kichwani mpaka hospitalini.

Mzee alikuwa amebaki mifupa na pumzi, na hiyo pumzi yenyewe ilikuwa ya kuvutwa kwa kamba. Badru alikuwa amesimama dirishani, anaangalia nje, ili asiangalie ndani.

“Umeona nini huko?” mzee akauliza. Sauti ilitoka kama karatasi inayokunjwa.

Firdausi aliifungua midomo kusema bado. Akafikiri, mtu hazikwi na neno kama hilo.

“Nimeliona, baba. Domo. Liko nyuma ya vumbi, katikati kabisa. Linakula.”

Macho ya mzee yakafunguka. “Linakula nini?”

“Gesi. Nyota. Chochote kinachosogea karibu.”

“Kama watu wa maliasili walivyokula magunia yangu ya mkaa,” mzee akasema, akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikamkunja, akatulia kimya. Badru akaanza kumsomea mzee shahada. Firdausi akashika ule mkono, akashukuru kwamba angalau neno lilifika.

Sasa, mtu aliyeagwa vizuri namna hiyo ana wajibu wa kufa. Mzee Mwinyimadi akakosa adabu akapona.

Si kupona kwa kurudi kazini. Alipona kwa kukaa. Lakini kinywa kilipona chote, na mara tu aliporudishwa Kurui akabebwa mpaka barazani, akalieleza Domo kwa wote waliomcheka. Alieleza lilivyo kubwa, linavyotafuna, lilivyojificha nyuma ya vumbi lisionekane na mtu ila binti yake. “Miaka yote aliwaambia nini? Bado. Leo amesema ameona. Basi ameona.” Aliyepoteza mbuzi akasogea akaomba radhi. Husseini, ambaye uchaguzi ulikuwa unampumulia kisogoni, akaona hapo pana watu na pana pilau, akaandaa dua.

Data tatu zilizobaki Firdausi alizipakua polepole kwa mtandao wa shule, akiiba nafasi walimu wenzake walipokuwa wakisahihisha. Alhamisi ile akazipanga zote nne ubavu kwa ubavu. Ya kwanza, mnara. Ya pili, tambarare. Ya tatu, tambarare. Ya nne hakutaka kuifungua, akaifungua. Tambarare. Chembe moja isiyo na kwao ilikuwa imepita ikagonga pale pale alipopenda yeye igonge. Pembeni vilima vya masizi vimelala, vinene, vimejaa tele, vilivyokuwepo tangu siku ya kwanza na alivyokuwa amevitazama kama mtu anavyomtazama mdai wake sokoni, yaani kwa kuangalia upande wa pili.

Akampigia profesa kwa video, kwenye kompyuta. Profesa akajibu kwamba inavutia. Katika fani ile neno hilo ndilo “poleni na msiba.” Akaongeza kwamba wataondoa sehemu ya shimo jeusi, wataandika juu ya nyota changa, na kwamba masizi nayo ni matokeo mazuri. Paka akapita. Upande wa sayansi, mambo yakaishia hapo. Hakuna aliyekufa.

Ikabaki Kurui. Akaitoa simu chini ya mto.

“Shikamoo, mwenyekiti.”

“Marahaba, daktari wetu! Tangazo umelisikia? Sauti imetoka?”

“Imetoka. Mwenyekiti, lile Domo halipo.”

“Halipo kivipi? Limehama?”

“Halijawahi kuwepo. Nilikosea.”

Pikipiki ilisikika ikizimwa.

“Daktari, nisikilize. Mchele umeshachambuliwa. Diwani amethibitisha. Mimi nimeshahudhuria uzinduzi wa kisima kisicho na maji, mahali sipataji, na watu walipiga vigelegele na kunawa mikono kwa maji ya chupa. Domo moja tena la mbinguni ndilo litushinde? Nani atakwenda kupima?”

“Mwenyekiti…”

“Mzee umeshamwambia?”

Firdausi akaurudisha mto mahali pake.

“Mwambie yeye kwanza,” Husseini akasema, na safari hii sauti ya kampeni ilikuwa imemtoka. “Ukiweza kumwambia Mwinyimadi, mimi nitazunguka tena na spika niseme hakuna kitu. Mimi mwenyewe siwezi kumwambia. Hujamwona anavyokaa siku hizi.” Akakata.

Jumamosi Firdausi akashukia Mzenga, akapanda bodaboda, mvua nyembamba ikamsindikiza njia nzima. Akamkuta baba yake amekaa ukumbini juu ya kiti cha plastiki, kanzu mpya imeshavaliwa siku moja kabla, kwa kuogopa kwamba kesho pumzi za kuivaa zinaweza zisitoshe. Mabega yalikuwa yamepanda juu karibu na masikio, kila pumzi inatafutwa. Lakini kidevu kilikuwa kimenyanyuka. Sasa akaelewa maneno ya Husseini. Mzee alikaa kama mtu aliyewahi kudaiwa na sasa anadai.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu. Leo sikuulizi,” mzee akasema, akitabasamu. “Swali nimekuwekea la kesho.”

Badru alimvuta nyuma ya nyumba, palipokuwa na tanuri la mwisho la mzee, halijafunguliwa tangu alipougua, majani yameanza kuota juu yake kama kaburi. Akamsikiliza dada yake mpaka mwisho. Badru hakuwa mtu wa maneno mengi. Naye alianza kukohoa mwaka ule.

“Ana wiki ngapi unadhani?” akauliza.

“Sijui.”

“Basi mwache afe nalo. Domo linamdhuru nani? Halili mtu wa hapa.”

“Watamwita muongo.”

“Watamwita muongo ukisema. Usiposema hawatamwita kitu.” Akapiga teke bonge la udongo. “Wewe nyamaza tu. Mwenyekiti atasema, sheikh ataomba, watu watakula. Kunyamaza si uongo, dada.”

Firdausi akakubali. Ndiyo, alikubali, na isisemwe vinginevyo. Jioni ile alimkanda baba yake mgongo kwa mafuta ya nazi, akausikia uti wa mgongo wote kwa vidole, na hakusema kitu. Mzee alikohoa ndani ya kitambaa akakikunja haraka. Rangi iliyokuwemo, nyeusi ya masizi, Firdausi aliijua. Alikuwa amekaa na masizi kwenye mchirizi siku zote hizo.

Jumapili wingu lilikuwa chini kama dari bovu. Watu walikuja, na wa Mkongeni wote walikuja, maana pilau halina chama. Diwani akaongea muda mrefu juu ya barabara, akageuza shingo mara moja kulipa Domo pongezi zake, akarudi barabarani. Mwenye mbuzi aliyepotea alikaa mstari wa mbele. Sheikh akaomba dua fupi na nzuri, ndiyo pekee iliyokuwa na ukweli pale uwanjani. Husseini akashika kipaza sauti, akamtazama Firdausi kwa jicho la kuuliza. Firdausi akatazama chini. Husseini akashusha pumzi, akajaza kifua.

“Ndugu wananchi! Kabla ya sahani kupita, mzazi wa Domo…, samahanini, mzazi wa daktari, ameomba neno moja!”

Badru akamnyanyua mzee kwa kwapa. Kipaza sauti kikamchukua kabla hajasema kitu, ile pumzi yake ikatoka kwenye spika kubwa ikatanda uwanja mzima, shaa, shaa, kama mtu anayeburuta gunia. Watoto waliokuwa wakigombania sahani wakanyamaza. Hata wapishi kule kwenye masufuria waligeuka.

“Mlimcheka,” mzee akasema. Shaa. “Mlinicheka mimi. Mkasema kilinge.” Shaa. “Mimi sikusoma. Najua kuchoma tu. Lakini huyu mtoto namjua. Nilimuuliza miaka yote, akaniambia bado. Angenidanganya ningejua wapi? Hakunidanganya.” Akasubiri pumzi. Ilichelewa, watu wakaisubiri pamoja naye. “Huyu hasemi asichokiona. Nikifa, mtu akiwauliza Mwinyimadi aliacha nini, semeni hivyo. Aliacha mtoto asiyesema asichokiona.”

Mwenye mbuzi akainamisha kichwa. Firdausi alihisi mkono wa Badru ukimshika kiwiko kwa nyuma, ukikaza.

Mzee akageuka. Ilimchukua muda, miguu ikisogea vipande vipande chini ya kanzu. Akakielekeza kipaza sauti kwa binti yake, macho mekundu yamejaa furaha ya mtu aliyeshinda kesi.

“Nilimwambia soma, uyakimbie masizi, uende mbali. Akaenda mbali kuliko sisi sote.” Shaa. “Haya, mwanangu. Waambie mwenyewe, kwa kinywa chako. Umeona nini huko?”

Mkono wa Badru ukaminya. Spika ikalia kidogo, ikatulia.

“Masizi, baba.”